Amana ya Maji, Moto na Udongo: Somo kwa Kila Nyumba katika Majira Yote ya Mwaka

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mara kwa mara na ndugu wanaoutafuta Uislamu, pamoja na wale walioingia karibuni, liko moja ambalo kwa nje laonekana dogo, lakini ndani yake limebeba jambo kubwa. Wao huuliza: Je, dini ina neno gani juu ya jiko, juu ya jaa la taka na juu ya ndoo ya maji? Si hayo ni mambo ya bwana afya na ya serikali, na dini ni sala, funga na zaka?

Swali hili yafaa lijibiwe kwa utaratibu, kwa maana anayeliuliza huwa amekwisha kuigawa dunia mafungu mawili: fungu la Mwenyezi Mungu, ambalo ni msikiti, na fungu la mwanadamu, ambalo ni nyumba na soko. Uislamu haukubali mgawanyo huo. Basi katika somo hili, inshallah, tutaonyesha kwanza msingi wa jambo lenyewe, kisha tutapita katika majira ya mwaka mmoja baada ya mengine, tueleze ni mazoea gani yampasayo mwenye nyumba ili asiiharibu ardhi aliyokabidhiwa. Mwisho tutajibu pingamizi mbili ambazo huletwa na watu wenye akili.

1. MSINGI: KHALIFA SI MWENYE MALI

Kurani Tukufu katika Sura Al-Baqara yaeleza kuwa mwanadamu aliwekwa ardhini awe khalifa. Ndugu msomaji, litazame neno hilo vizuri. Khalifa ni mtu asimamaye mahali pa mwingine, atendaye kwa idhini ya mwingine, na atakayetoa hesabu kwa mwingine. Mtu aliyeachiwa shamba la minazi na mwenyewe akasafiri, anaruhusiwa kula madafu na kuuza nazi, lakini haruhusiwi kuikata minazi akafanya kuni. Mwenyewe akirudi hatamwuliza kwa nini alikula, bali atamwuliza minazi iko wapi.

Aidha, katika Sura Ar-Rahmani yametajwa jua na mwezi kwenda kwa hesabu, mimea na miti kutii, mbingu kuinuliwa, na hapo hapo ikatajwa mizani, na watu wakaonywa wasiipindukie. Watu wengi wanaposikia neno mizani hufikiri habari za duka na kilo za sukari. Lakini hapa mizani imetajwa pamoja na jua, mwezi na miti. Kwa hiyo kupunja si kwa muuza duka peke yake. Anayechukua maji mengi kuliko haja yake, akamwachia jirani kisima kikavu, naye amepunja.

2. ISRAFU NA UBADHIRIFU

Lugha yetu ya Kiswahili imepokea kutoka Kiarabu maneno mawili yanayohusu kosa hili, nayo yote mawili yana asili katika Kurani Tukufu. La kwanza ni israfu, maana yake kupita kadiri katika jambo ambalo asili yake ni halali. Katika Sura Al-Aaraf ruhusa ya kula na kunywa imetolewa pamoja na katazo la israfu, wala hazikutenganishwa. Kula ni halali, kunywa ni halali, ila kadiri ikipita, halali huanza kuwa dhambi.

La pili ni ubadhirifu. Asili yake ni neno la Kiarabu la kutawanya mbegu shambani. Mtu mbadhirifu ni kama atawanyaye mbegu, lakini juu ya mwamba, mahali ambapo hapataota kitu. Katika Sura Bani Israili watu wa namna hii wamehesabiwa katika undugu mmoja na Shetani, na sababu iliyotolewa ni kwamba Shetani ni mkosefu wa shukrani. Kumbe kiini cha kosa la kufuja ni kukosa shukrani. Mtu ashukuruye kwa ulimi, kisha akamwaga nusu ya sahani jaani, mkono wake wamkanusha ulimi wake.

Sasa tutazame mfano wa Mtukufu Mtume (s.a.w.). Bwana Anas (r.a.) amesimulia, na habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim, ya kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa saa moja hadi mudi tano. Wazee wetu wa pwani walivitia vipimo hivi katika majina ya nyumbani: mudi wakaiita kibaba, na saa wakaiita pishi, nayo pishi ni vibaba vinne. Ni pishi hiyo hiyo tunayoipima tunapotoa zaka ya fitri. Kibaba cha maji ni kama theluthi mbili za lita.

Haya, twende leo kwenye bomba. Bomba lililofunguliwa wazi kwa kawaida hutoa lita 5 au zaidi kwa dakika moja. Mtu akiliacha likimwagika kwa dakika 3 anapotawadha, ametumia lita 15, yaani zaidi ya vibaba 20. Akifanya hivyo kwa sala tano, ni lita 75, zaidi ya ndoo tatu kubwa, na yote ni kwa ajili ya ibada! Hali mwenye kufuata kipimo cha Mtume angetumia lita 3 na kitu kwa siku nzima. Imepokewa pia katika mkusanyo wa Ibn Maja kuwa Mtume alimwonya Bwana Saad (r.a.) juu ya israfu katika udhu, na alipouliza kama katika udhu nako kuna israfu, akajibiwa kuwa iko, hata mtu akiwa kando ya mto upitao. Maana yake ni kwamba hata pale ambapo maji ni mengi na hakuna anayepungukiwa, tabia ya kufuja humharibu mfujaji mwenyewe.

Basi zoea la kwanza, ambalo ni la mwaka mzima, ni hili: kila nyumba iwe na kopo au birika la udhu. Kwa bomba, lifunguliwe kidogo na kufungwa baina ya kiungo na kiungo. Na bomba likidondoka, usingoje. Weka kopo chini yake usiku, asubuhi upime kilichojaa, kisha uzidishe kwa siku 365. Hesabu hiyo itakuharakisha kumwita fundi.

3. MASIKA: NEEMA ISHUKAYO JUU YA PAA

Twaanza na masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Ndugu walioko mikoa ya bara yenye msimu mmoja wa mvua watayalinganisha maneno haya na miezi yao.

Mji kama Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka wakati wa masika. Hata hivyo twaona maji ya paani yakipita barabarani, yakichimba makorongo na kubomoa kuta, na baada ya miezi miwili wenye nyumba hizo hizo hununua maji kwa dumu. Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la bati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 lina mita za mraba 40. Ikinyesha mvua ya milimita 10 tu, paa hilo hupokea lita 400. Hata tukitoa sehemu moja katika tano kwa yale yanayoruka na kuvuja, zabaki lita 320, yaani ndoo 16 za lita 20. Ndoo hizo mama wa nyumba au binti yake angezibeba kichwani.

Kinachotakiwa ni mlizamu, au gata kama mafundi wa leo wanavyouita, na pipa au tangi lenye mfuniko. Yashikwe mambo matatu. Kwanza, maji ya mvua za mwanzo baada ya kiangazi yaachwe yapite, kwa kuwa huosha vumbi na uchafu wa ndege. Pili, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Tatu, pipa lifunikwe barabara. Mbu wa homa ya dengi, ambayo iliwasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaana katika maji yaliyotuama karibu na nyumba: ndani ya kifuu, kopo bovu au tairi kuukuu. Tangu yai mpaka mbu kamili hupita siku 7 hadi 10 hivi. Kwa hiyo nyumba ikiteua siku moja katika kila juma, kwa mfano Ijumaa asubuhi kabla ya koga ya Ijumaa, ikamwaga kila chombo kilichotuamisha maji, itakuwa imekata uzazi wao.

4. KIPUPWE: MOTO NA PUMZI YA WATOTO

Baada ya masika huja kipupwe, Juni hadi Agosti. Pwani hewa hupoa kidogo, lakini nyanda za juu kama Njombe, Mbeya na Arusha baridi huuma, na moto huwa rafiki wa kila mtu. Hapa ndipo somo letu linapogusa uhai wenyewe.

Mkaa huonekana kitu chepesi kwa kuwa huja umefungwa katika gunia. Lakini katika tanuri la kienyeji la kufukia udongo, kilo moja ya mkaa hutoka katika kilo 5 hadi 10 za kuni. Anayenunua gunia moja ameununua mti asiouona. Na moshi wa kuni na mkaa haupotei hewani tu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia, iliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto mgongoni mwa mama yake jikoni huvuta kile anachovuta mama.

Serikali ya Tanzania ilianzisha mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa kupikia kwa nishati safi, ikikusudia asilimia 80 ya watu waifikie kabla ya mwisho wa mwaka 2034. Basi mwenye uwezo wa kupikia kwa gesi au umeme, afanye hivyo, na asiihesabu kuwa ni anasa. Lakini hatumkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Kwa atumiaye kuni au mkaa, yako mazoea yasiyohitaji fedha nyingi:

Atumie jiko banifu, lile lenye kikombe cha udongo ndani, ambalo hutumia mkaa pungufu sana kuliko jiko la bati tupu.

Maharage, kunde na mbaazi viloweshwe tangu usiku, na chungu kifunikwe wakati wote.

Kuni zikaushwe vyema na kupasuliwa vipande vidogo. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo.

Chakula kikisha kuchemka vizuri, kama wali au maharage yaliyokaribia kuiva, chungu kitolewe motoni na kuwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa matambara au majani makavu, kifunikwe kwa mto. Kitamaliza kuiva kwa joto lake chenyewe.

Mkaa uliobaki uzimwe kwa majivu au mchanga, utumike kesho.

Na jiko lipikiwe uani, au katika chumba chenye madirisha mawili yanayoelekeana ili moshi upite.

Tena liko jambo moja ambalo twawasihi ndugu zetu wa sehemu za baridi walishike kwa nguvu. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kupata joto usiku. Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na watu waliolala hawaamki tena. Inasikitisha kuwa misiba ya namna hii hurudi kila kipupwe. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alikwisha kuamuru, na hadithi zake zimo katika Bukhari, kwamba taa na moto vizimwe wakati wa kulala, na akautaja moto kuwa ni adui wa watu. Sahaba waliosikia amri hiyo hawakujua habari za hewa ya kaboni, lakini waliotii walisalimika. Mtafuta ukweli na azingatie jambo hilo.

5. VULI: KURUDISHA KILICHOTWALIWA

Vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba, ni wakati mwema wa kupanda. Imo katika Bukhari na Muslim habari ya kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Angalia kuwa hakuwekewa sharti ya kula yeye mwenyewe, wala ya kumjua aliyekula. Na Mtume (s.a.w.) aliufanya mji wa Madina kuwa mahali patakatifu, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Na Seyidna Abubakar (r.a.) alipolipeleka jeshi Shamu, aliwaagiza wasikate miti yenye matunda. Ikiwa miti ya adui iliheshimiwa vitani, itakuwaje mwembe wa jirani wakati wa amani?

Mtu asiseme, "Mimi nina kiwanja kidogo." Mpapai hukaa pembeni mwa ua. Mlonge hutoa mboga ya majani, na mwarobaini hutoa kivuli na dawa. Profesa Wangari Maathai wa Kenya alianzisha mwaka 1977 harakati ya Green Belt Movement pamoja na akina mama wa vijijini, kila mmoja akiotesha miche yake. Alipopewa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Hawakuanza na milioni, walianza na mche. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kwa kuwa mche wataka chakula, hapa pana dawa ya jaa. Maganda ya ndizi, ya muhogo na ya viazi, majani ya chai, mabaki ya mboga na majani yaliyofagiliwa, vyote visichanganywe na takataka nyingine. Chimba shimo la kina cha magoti pembeni mwa ua, au tumia pipa bovu lililotobolewa. Tandaza safu ya majani makavu, kisha safu ya maganda, kisha udongo kidogo au samadi, na uendelee hivyo. Pasiwe pakavu kabisa wala pasirowe. Pindua kila baada ya juma mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mboji nyeusi isiyonuka. Taka hizo hizo zikirundikwa dampo bila kupata hewa, huoza kwa namna nyingine na kutoa gesi ya methani, ambayo ni miongoni mwa zile zinazoongeza joto la dunia. Kwa hiyo ganda moja laweza kuwa chakula cha mche au laweza kuwa dhara, nalo huamuliwa na mkono wa mwenye nyumba.

6. KIANGAZI: MAJI YA PILI, TAKA NA TAA

Januari na Februari jua huwa kali, na visima hupungua. Wakati huu maji yatumike mara mbili. Maji ya kuoshea mchele na mboga hayana sabuni, basi yamwagiwe mchicha na mpapai. Maji ya kufulia yafae kudekia au kusafishia choo. Mboga imwagiwe asubuhi mapema au jioni, kwa maana maji ya mchana huchukuliwa na jua kabla ya kufika mizizini.

Huu pia ni wakati ambao watu huchoma taka. Kuchoma mifuko na chupa za plastiki uani si usafi, ni kuhamisha uchafu kutoka ardhini kwenda mapafuni, kwa kuwa moshi wake una sumu. Dawa iliyo bora ni kutouingiza uchafu huo nyumbani tangu mwanzo. Rwanda iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Bibi zetu hawakuhitaji sheria hiyo, kwa kuwa walikwenda sokoni na kikapu cha ukili, wakabeba samaki katika majani na mafuta katika chupa yao wenyewe. Kikapu kimoja hudumu miaka. Mwislamu na akitundike mlangoni ili asisahau.

Aidha, nguo iliyochanika ishonwe, na kiatu kilichoachana kipelekwe kwa fundi kabla ya kununua kingine. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Wanaume waitazame hadithi hiyo kwa makini. Si haki baba akae barazani akimhutubia mkewe juu ya kubana matumizi, hali yeye haokoti hata kopo. Na kuhusu taa, balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na wa balbu ya zamani ya wati 60. Kila taa inayowaka katika chumba kisicho na mtu ni ubadhirifu, iwe ya LED au ya zamani.

7. RAMADHANI HUZUNGUKA MAJIRA YOTE

Hapa twafika kwenye hekima ambayo wanafunzi wengi huipita bila kuiona. Mwaka wa Kiislamu ni wa mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Ramadhani husogea nyuma, na katika miaka kama 33 huwa imezunguka majira yote. Mwaka 2016 ilianza Juni, wakati wa kipupwe. Mwaka 2024 ilianza Machi, masika yakikaribia. Na mwaka 2030 itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Katika uhai wake, Muislamu hufunzwa kujizuia katika ukame na katika mvua, katika uchache na katika wingi. Hakuna msimu uliosamehewa.

Lakini tunafanya nini na somo hilo? Wako watu ambao hununua chakula kingi zaidi katika mwezi wa funga kuliko miezi mingine yote, na baada ya futari jaa la taka hujaa. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kuwa katika mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani, na kama asilimia 60 yake ilitupwa majumbani, si viwandani wala hotelini. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alifundisha, kama ilivyo katika Muslim, kuwa tonge likianguka lifutwe uchafu na kuliwa, lisiachiwe Shetani. Basi ipikwe futari ya kuwatosha waliomo na mgeni mmoja, na kinachobaki kipelekwe kwa jirani kingali kizuri, kabla hakijachacha.

Katika Idi ya kuchinja vilevile, damu na matumbo yafukiwe mbali na kisima, ngozi isitupwe, na nyama igawanywe katika vyombo au majani ya mgomba. Sadaka isiyoacha uvundo kwa jirani ni sadaka iliyo njema zaidi.

8. PINGAMIZI MBILI

Wako wasemao: "Waliochafua anga ni mataifa makubwa yenye viwanda. Afrika nzima haitoi zaidi ya asilimia 4 hivi ya hewa ya kaboni ya dunia. Kwa nini maskini wa Tandale afundishwe kufunga bomba?" Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, wala hatulifichi. Wenye kuchafua zaidi watadaiwa zaidi, mbele ya watu na mbele ya Mungu. Lakini moshi unaomwua mtoto jikoni ni wa jiko la nyumbani, na mfuko ulioziba mtaro ukaleta mafuriko ulitupwa na mtu wa mtaa ule ule. Zaidi ya hayo, katika dini yetu hakuna mtu abebaye mzigo wa mwenzake. Dhambi ya tajiri si ruhusa kwa maskini.

Wengine husema: "Kiyama kimekaribia na dunia itakwisha. Ya nini kuitunza?" Jibu amekwisha kulitoa Mtume mwenyewe. Imepokewa katika Musnad ya Imamu Ahmad kuwa mtu akifikiwa na Kiyama hali mkononi ana mche, na akiweza kuupanda, basi aupande. Muumini hupanda kwa kuwa ameamrishwa, na malipo yake hayategemei kama yeye au dunia itabaki mpaka mavuno.

9. KAZI YA NYUMBANI

Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo twamwomba kila msomaji achukue daftari dogo, na kwa muda wa mwezi mmoja aandike kila juma: ndoo ngapi za maji zimetumika, mkaa au gesi kiasi gani, sahani ngapi za chakula zimetupwa, na mifuko mingapi imeingia nyumbani. Asomewe mke au mume na watoto siku ya Ijumaa, kisha lichaguliwe jambo moja tu la kupunguza katika juma lifuatalo. Anayeshika kumi kwa pamoja huyaacha yote, bali anayeshika moja akadumu nalo huongezewa. Kinachookolewa kitiwe katika sadaka, hata kikiwa kidogo, ili nyumba ijue kuwa haibani kwa ubahili.

Maswali ya kujipima:

1. Ni ipi tofauti kati ya israfu na ubadhirifu?
2. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kiasi gani cha maji, na kipimo hicho chaitwaje kwa Kiswahili?
3. Kwa nini jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala?
4. Paa lako lina mita za mraba ngapi, nalo lingekupa ndoo ngapi katika mvua ya milimita 10?
5. Ni hekima gani iliyomo katika Ramadhani kuzunguka majira yote ya mwaka?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye shukrani kwa ndimi na kwa mikono, na siku tutakapoulizwa juu ya amana hii tusikutwe tumeifuja. Amin.